Risasi Iliyodondoka Mezani kwa Mzee Wambua

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: vumbi la mnada wa mbuzi na mafuta ya cherehani. Nilikuwa kijana mchuuzi wa mifugo, nikizunguka kati ya Katangi na Kithimani na bastola kiunoni, ya halali, cheti chake mfukoni. Majivuno yangu yangejaza bwawa la Masinga likafurika. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ngumbaru, basi nikadhani duniani hakuna nisichokijua.

Bastola ikakwama. Kile chuma cha juu hakikutikisika hata ukikibembeleza kwa jina la babu yake. Nikachomoa kikasha cha risasi kwenye mpini, nikaona hatari imekwisha, sasa ni chuma kitupu kama jembe. Nikampa mke wangu Nduku aipake mafuta ya cherehani yake. Haikusikia. Nikaipeleka Kyumbi kwa Muthoka, fundi wa kuchomelea mageti, akaibana na kuigonga kwa nyundo. Nikaenda Machakos mjini kwa Mzee Ndeto, fundi wa saa, maana vitu vidogo vidogo ndiyo kazi yake. Alivaa lenzi yake, akauleta mtutu jichoni, akachungulia muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Kila mmoja aliniuliza kama iko na risasi. Kila mmoja nilimwapia kwamba haina.

Abdi, tuliyekuwa tukinunua mbuzi pamoja, ndiye aliyenizindua. Naye alikuwa na bastola yake ya leseni.

"Warya, wewe ndugu, hiyo si pasi ya kunyoosha nguo," akaniambia. "Iko na fundi wake, mwenye kibali."

Akanielekeza kwa Mzee Wambua, aliyetengeneza bunduki jeshini hadi akastaafu, kisha akafungua karakana yake nyuma ya maduka ya mjini.

Mzee Wambua alisoma cheti changu mstari kwa mstari. Nikamwambia haina risasi. Aliielekeza kwenye pipa la mchanga, akafanya kazi polepole mpaka kitu kikadondoka mezani. Risasi. Nzima, inang'aa. Ilikuwa imejificha nyuma ya mtutu siku zote hizo, mahali ambapo kuchomoa kikasha hakuitoi.

Nilitaka kucheka, mwanangu, mimi ninayecheka hata matangani. Kicheko hakikutoka.

"Nani mwingine ameishika?" akauliza.

Nikamtajia wote watatu, na jinsi nilivyowaapia kwamba haina risasi.

"Hii leseni iko na jina moja," akasema. "Hao watatu uliwaapia. Nenda uwaambie ukweli, mmoja mmoja, kwa mdomo wako. Upitie polisi pia, useme ulikoipeleka. Sitaitengeneza mpaka urudi."

Polisi walinikalisha kwenye benchi mchana kutwa, wakanikaripia mpaka masikio yakawaka moto. Muthoka alinifukuza na nyundo ile ile. Mzee Ndeto alivua lenzi yake. Alifunika jicho lake kwa kiganja, akakaa hivyo, nami nikasimama mlangoni nisijue niende au nibaki.

Nyumbani nilimkuta Nduku akishona. Nilipomweleza, cherehani ikanyamaza. Siku aliyoipaka mafuta alikuwa amembeba binti yetu Mwende, na sasa pia alikuwa naye mgongoni. Akafungua leso, akaniwekea mtoto mapajani.

"Mshike," akasema. "Mshike kwanza, halafu uniambie tena."

Nikarudia yote. Mwende alikuwa wa miezi minane tu, lakini siku hiyo alikuwa mzito kuliko milima ya Iveti.

Basi, mwanangu, silaha ikiharibika usiipitishe kwa majirani kama redio. Mtafute aliyesomea kazi hiyo na mwenye kibali, hata kama yuko mbali, na kabla ya kufika kwake asiiguse mtu. Jambo usilolihakikisha usimwapie mwenzako, maana ataliamini na kuweka jicho lake pale. Na fundi akikataa neno lako akaangalia mwenyewe, usinune. Mzee Wambua hakunidharau. Alikuwa amenihurumia kuliko nilivyojihurumia. Ukishakosea, warudie uliowaponza, hata kama miguu inakataa.

Mungu akupe mikono mitulivu na ulimi usioapa ovyo, na kila jioni unaporudi nyumbani, uwakute wote wakiwa wazima.