Samaki wa Mstari wa Nyuma

Mpaka leo nikimkumbuka mwalimu wa kwaya wa shule yetu ya msingi pale Bunia, damu inanichemka. Nina wajukuu, naenda misa, nawaombea hata walioniibia kuku. Lakini huyo akipita mbele ya mlango wangu simpi hata jambo. Shauri yake na Mungu.

Ilikuwa miaka ya sabini, niko mwaka wa ine. Nilikaa kwa mama mdogo, maana mama yangu alibaki Mahagi-Port na biashara yake ya samaki. Niliingia kwaya kwa furaha. Wiki ya pili mwalimu akasimamisha wimbo, akapita mstari kwa mstari akisikiliza, akatutoa watoto wane. Nikadhani tumechaguliwa. Kumbe sauti zetu zilikuwa zinamharibia wimbo! Kutufukuza hakutaka, kwa sababu direkta, mkuu wa shule, alipenda kuona mistari mitatu imejaa. Basi akatusimamisha nyuma, akatuamuru tufungue kinywa na kukifunga pamoja na wenzetu, bila kutoa sauti hata kidogo. Akatuita samaki. Aliyesahau akaimba, alikula fimbo kwenye vidole.

Cheka kama unataka. Hata sisi tulicheka. Tulifanya mazoezi ya kunyamaza kila Jumatano, kwa bidii kabisa. Mwenzetu mmoja alipiga miayo katikati ya aleluya, mwalimu akamsifu mbele ya wote kwamba anafungua kinywa vizuri. Lakini nilikuwa na miaka kumi tu, na mtu mzima ameniambia kwamba mwili wangu anautaka, sauti yangu hapana. Huo ni ubaya, siutafutii jina lingine.

Kosa langu mimi ni kwamba nilituma habari kwa mama. Nilimwomba dereva wa lori amwambie kwamba niko katika kwaya, tena tutaimba siku ya proklamasyo, ile siku shule inapotangaza mbele ya wazazi nani amepita na nani ameanguka. Habari ya kinywa kitupu sikumpa. Nilitaka ajivune kidogo kule sokoni. Sikufikiri kwamba atakuja.

Akaja. Siku mbili juu ya lori, katikati ya magunia, na ndani ya kifurushi chake kikwembe, kile kitenge chake kizuri ambacho hata kwa arusi ya dada yake hakukivaa. Usiku ule sikulala. Nilikuwa namwogopa mwalimu, lakini zaidi niliogopa mama ajue nilimdanganya.

Wimbo ulipoanza tu, mama akatoka kwenye benchi za wazazi akipiga vigelegele. Akapenya katikati ya watoto wa mbele, akafika kwangu, akatandaza kikwembe mavumbini mbele ya miguu yangu, namna wanawake wetu wanavyomheshimu mtoto aliyewaletea sifa. Watu wote wakageuka kutuangalia. Na mimi nafungua kinywa, nafunga, nafungua, nafunga. Mama akacheza kidogo, akapunguza, akasimama. Akaniinamia.

"Sauti yako iko wapi?"

Nikamwambia mwalimu alinikataza. Mama akanyooka, akamgeukia mwalimu mbele ya direkta na wazazi wote. Hakupandisha sauti.

"Nilitoka mbali kwa kusikia mutoto wangu. Aimbe."

Mwalimu akajaribu kucheka, hakupata wa kucheka naye. Kwaya yote ilikuwa imenyamaza. Basi nikaimba peke yangu, kwa hasira, beti zote tatu, nikimkazia macho yeye. Haki ya Mungu, ilikuwa mbaya. Wazazi walificha nyuso ndani ya vitambaa, mabega yakiwatingishika, na direkta alikuwa anatafuta kitu chini ya meza. Mama yangu alicheza mpaka neno la mwisho, peke yake, bila kumwangalia mtu.

Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani nikamwuliza kama niliimba vizuri.

"Uliimba mubaya kabisa," akasema, akikung'uta mavumbi kwenye kikwembe. "Lakini miye sikupanda lori siku mbili kwa kusikiliza batoto ya bantu bengine."