Fimbo ya Ndege Juu ya Meza ya Kukatia

Binti yangu aliweka ndege kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa bila kuniomba ruhusa. Nilirudi kutoka kununua uzi nikakuta gauni la mteja limekunjwa pembeni, na mahali pake pana kompyuta, fimbo nyeusi iliyosimama kwenye kitako chake, na kando ya fimbo kitu kingine chenye mshiko wa kusukuma mbele na kurudisha nyuma. Fimbo ni ya kuongozea ndege ya mchezo wa kompyuta, akanieleza. Hicho kingine ni throto, ndiyo inayoongeza na kupunguza nguvu ya injini. Alivipata Kariakoo kwa muuza mitumba ya kompyuta, pamoja na kifuko cha vipande vya plastiki ambavyo hata muuzaji hakujua kazi yake. Kifuko nikakitia kwenye kopo langu la vifungo.

"Na mie nikatie wapi?" nilimuuliza.

"Wiki tatu tu, mama. Usaili ukiisha nakuondolea."

Shule moja ya urubani ilikuwa inatafuta vijana wachache wa kuwasomesha, na kila mwombaji angekalishwa kwenye mashine ya kuigizia urukaji mbele ya mwalimu ili mkono wake uonekane. Mwanangu amekulia hapa Kipawa. Ndege zimepita juu ya bati letu tangu akiwa mgongoni kwangu, na hajawahi kutaka kazi nyingine yoyote. Nilikubali kukatia nguo mkekani.

Shida ni kwamba alikuwa anaiangusha ndege. Siku ya tatu nilisimamisha cherehani nimtazame. Ndege ilikuwa inashuka vizuri kwenye kioo, uwanja unaonekana mbele, kisha bawa likalala kidogo. Hapo alitakiwa kulirekebisha kwa fimbo, kwa mkono wa kulia. Lakini ulioruka ni mkono wa kushoto, ule uliokaa kwenye throto. Injini ikanguruma, pua ikainuka, ndege ikapinda na kwenda chini. Akaanza upya, ikawa hivyohivyo, na mara ya tatu vilevile.

"Mkono unaniwahi," alisema, akijifuta jasho.

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilimwambia aondoke pale nikae mimi, aone kazi inavyofanywa. Nikaikamata fimbo kama mchi, na ndege ikabinuka miguu juu. Alicheka sana.

"Usiikabe, mama. Ishike kama unavyopitisha hariri."

Hilo nililielewa. Kitambaa kinachoteleza hukivuti. Unaiachia mashine ikichukue, vidole vinakuwa vya kukionyesha njia tu. Kesho yake nilikaa tena, nikaegemeza kiwiko mezani, nikaishika fimbo kwa vidole viwili na gumba. Throto nikaiendesha kama ninavyokanyaga pedeli ya cherehani, kidogo, nangoja, kidogo tena. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri nilijipa muda wangu pale, na ilipofika mwisho wa wiki niliitua. Iliruka mara mbili kwenye lami, ikasimama. Nilijipigia makofi mwenyewe.

Kisha nikamgeukia binti yangu. "Mie niliyeishia la saba naituliza, wewe wa kidato cha sita inakushinda?"

Alitabasamu, akasema anakwenda kuteka maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Siku chache baadaye nilipeleka nguo kwa mteja Vingunguti. Sikumkuta, nikarudi mapema. Kupitia upenyo wa pazia la mlangoni nilimwona mwanangu mezani. Alikuwa amehamishia throto upande wa kulia na fimbo ameishika kwa mkono wa kushoto. Mshiko wake umechongwa kwa kiganja cha kulia, kwa hiyo aliushika kwa shida, kwa ncha za vidole. Lakini ndege ilikuwa inashuka bila kutikisika hata kidogo. Bawa lilipolala, alilinyoosha kabla sijajua kwamba limelala. Moyo wangu ulijaa furaha, nikasogea nimpongeze.

Alisikia kandambili zangu. Ule mkono uliachia fimbo na kujificha chini ya meza, na ndege ikaanguka.

"Nilikuwa naifuta vumbi tu, mama," alisema.

Ana miaka ishirini na miwili. Nilikaa chini palepale mlangoni, na mzigo wangu wa nguo mapajani.

Alikuwa na miaka mitatu alipoanza kuchukua tonge kwa kushoto. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Lindi kututembelea, akaniambia mtoto huyu atakuja kuniaibisha kwenye sinia. Kwetu kwenye shughuli wanawake tunakula sinia moja, na mkono wa kushoto ukiingia humo, wengine wote wanainua ya kwao. Nilichana kipande cha khanga kuukuu, nikaufunga ule mkono ubavuni mwake, kila mlo, mpaka ikafika siku haukuhitaji tena kufungwa. Wiki ya kwanza alilia. Baadaye hakulia, akawa ananiletea kile kitambaa mwenyewe, na mimi nikawasimulia majirani jinsi nilivyojaliwa mtoto msikivu. Mama yangu alisema tu. Aliyefunga fundo ni mimi.

Nikakumbuka kile kifuko. Nilimwaga kopo la vifungo mkekani, nikavitoa vile vipande na kuvipanga. Havikuwa vya ziada. Vilikuwa vipande vya mshiko wa fimbo, vilevile vilivyokuwa juu yake, ila vimegeuzwa, kama kifua cha kulia na cha kushoto cha blauzi. Fundi hawezi kukosea hapo. Nilichukua bisibisi ndogo ya cherehani, nikafungua vya kulia, nikafunga vya kushoto. Nikaisogeza fimbo upande wa kushoto wa binti yangu.

"Shika."

"Mama..."

"Shika, nimesema."

Nilimwambia kwa ukali, maana ningelainisha sauti ningelia mbele yake. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Siku ya usaili alivaa blauzi nyeupe niliyomshonea mwenyewe. Alirudi alasiri, akakaa mkekani akavua viatu.

"Wamenikalisha kiti cha kushoto," alisema. "Kumbe rubani mkuu anakaaga huko. Usukani anashika kwa kushoto, throto kwa kulia. Nikamwambia yule mwalimu, samahani mzee, natumia kushoto. Alicheka huyo mzee, hata sikujua anacheka nini."

Alicheka na yeye. Mimi sikuweza.

"Halafu?"

"Akasema mkono wangu mzuri, ila bado mgeni. Nikamwambia nimeanza kuutumia juzi, akashangaa, wakati ndio mkono wangu wenyewe." Alikunja soksi zake vizuri, akaziweka ndani ya viatu. "Wamechukua wengine."

Meza yangu hajaniondolea vitu vyake, wala sijamuuliza. Anasema ataomba tena watakapotangaza, na kila akirudi nyumbani anakaa hapo kwanza. Jana mshiko wa fimbo ulilegea. Niliinama kuutazama, nikanyoosha mkono nipewe bisibisi. Alinipa kwa kushoto, kisha akashtuka, nikaona vidole vinataka kurudi.

"Samahani, mama, ni kushoto," alisema.

Nikaipokea, nikakaza skrubu, nikairudia kuikaza ingawa ilikuwa imekaza. Neno hilo la samahani ni langu mimi kumwambia yeye, tangu ule mwaka wa khanga, na jana pia sikulisema.