Gari Lililokataa Kivuko

Yule mzee wa gari lenye kitanda na jiko ndani ana mikono isiyotulia. Tangu aegeshe hapa kisiwani, Ras Mkumbi, anafuta kioo, anagonga matairi, anamwita mkewe aje aone bahari ileile. Wameizunguka nchi nzima. Kimebaki kivuko cha kuwarudisha bara, nyumbani. Asubuhi ya safari gari likagoma, nikaitwa mimi fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Limekufa kabisa!" akasema, meno yote nje.

Waya wa betri ulikuwa umelegezwa, na vidole vya mzee vilikuwa na grisi mbichi. Nikaukaza. Gari halikuwaka. Mkewe akanimiminia chai.

"Usijisumbue, mwanangu. Vivuko haviishi," akasema, akikaza fundo la kanga. Fyuzi ya gari ilikuwa inachungulia humo. Nikafunga boneti, nikaomba sukari.