Kioo Chenye Homa

"Kioo hiki kinanifanyia makusudi!" fundi miwani alilalamika. "Nakisugua kikae sawa, chenyewe kinazidi kuharibika!"

"Na mimi nipikie wapi?" mkewe akamjibu. "Wiki nzima jikoni kwangu hakuna hata pa kukatia kitunguu."

"Kwa kitunguu tu unalia?"

"Silii, bwana. Nina njaa."

Dada yake fundi, muuguzi mstaafu, alicheka pale mlangoni. Ndiye aliyempachika jina la Kiroboto tangu utotoni, maana mdogo wake huyo hakujua kukaa kitako. Alikuja kuwatembelea, na kesho asubuhi anaondoka. Hilo ndilo lililomkosesha fundi raha.

Miaka mingi nyuma aliunda darubini ya lenzi mbili, akamwita dada aje aone mwezi. Sasa lenzi hupindisha mwanga unapopita ndani yake ili ukutane mahali pamoja, ila haipindishi rangi zote sawasawa. Dada akaona mwezi una pindo la zambarau, akasema hivyo hivyo. Badala ya kukiri, fundi akamropokea mbele ya majirani: "Macho yako mabovu!" Tangu hapo dada hakuchungulia tena kitu chake. Hata miwani alinunua kwa fundi mwingine.

Safari hii, ili dada auone mwezi upya kabla hajaondoka, fundi alichonga kioo cha darubini nyingine, kipana kama sahani, kilichobonyea kidogo. Kazi ya kioo cha namna hiyo si kupitisha mwanga. Huurudisha, rangi zote kwa pamoja, mradi kibonyee bila kosa. Alikipima kwa taa ndogo na wembe: aliukata kwa wembe ule mwanga unaorudi, akatazama kivuli kinavyotanda. Kivuli kikamwonyesha uvimbe katikati. Akasugua, akapima, akasugua tena papo hapo.

Dada akakiwekea kiganja. "Kina homa hiki."

Fundi akanywea. Kumbe msuguo na mikono yake vilikipasha moto, nacho kikatuna. Uvimbe aliokuwa akiusugua ungeondoka wenyewe. Sasa kikipoa, pale aliposugua panabaki shimo.

"Kiache kipoe," dada alisema.

"Muda sina!"

Mkewe hakubishana. Alimsukuma nje, akafunga jikoni, ufunguo akautia kifuani. Fundi akazunguka ua, akakaa, akainuka, akaja dirishani kuomba maji ambayo hakuyanywa.

"Rudi ukazunguke," mkewe akamwambia.

Alipofunguliwa, alisugua kingo kidogo tu ili zilingane na lile shimo, akakiacha tena, huku anajing'ata kucha. Jua lilipoanza kushuka, kivuli kikatanda kioo kizima sawasawa. Nafasi ya kukipaka fedha ili king'ae haikuwepo. Kioo kitupu hurudisha mwanga haba, lakini kwa mwezi unatosha.

Akakilaza chini ndani ya bomba. Juu yake akaweka kioo kidogo bapa, kimelala mshazari ili kiutoe mwanga pembeni, kwenye lenzi ndogo ya kuchungulia. Giza lilipoingia, akalielekeza bomba kwenye mwezi.

"Dada, njoo."

"Mimi mwenye macho mabovu?"

"Njoo tu, dada yangu."

Akainama. Akachungulia. Fundi akahama mguu huu na ule.

"Mashimo tele," dada akasema. "Meupe na meusi. Zile rangi ziko wapi?"

"Zilitoka kwenye lenzi yangu. Macho yako hayakuwa na kosa, nami nilijua siku ile ile. Nisamehe."

Dada hakuondoa jicho. "Umechelewa sana, Kiroboto. Haya, nimekusamehe. Mwite wifi naye aone."