Siku Niliyoipaka Kompyuta Liwa

Jamani, hii naisimulia kwa sababu mdogo wangu Rukia ameshaolewa salama, maana ingekuwa vinginevyo ningekufa nayo, na hata leo nikikutana na wakwe zake huwa natafuta pa kuficha uso (mie, mtu mzima mwenye ndevu zangu).

Kwetu ni Boko. Baba alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wa Rukia, mwenye kumwozesha, ni kaka yake Baba, Ami Salum, anayeishi Maskati. Ikaja habari kwamba watu wa Mbweni wanataka kuja kuposa, Ijumaa baada ya Alasiri, na Ami akaagiza kwamba atawajibu mwenyewe, kwa video, kwenye kompyuta ya sebuleni. Mama naye akatoa msimamo wa nyumba: tutawakaribisha vizuri, tutawalisha vizuri, ila jibu hatutoi siku hiyo. "Binti huombwa, hatembezwi," alisema. Rukia mwenyewe akawa anapita tu kainamisha macho, utadhani hajui hata kinachozungumzwa.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Ilikuwa nzito, Idi iliyopita Ami aliganda kwenye skrini mdomo wazi, sie tukabaki tunaangalia meno yake mpaka biriani likapoa, nikasema aibu hii haijirudii mbele ya wakwe. Nikaenda Chang'ombe kwa fundi wa kompyuta za mtumba, akanipa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye nguvu zaidi na inayokaa kwenye bodi ileile. "Braza, Windows usiiguse," akaniambia. "Chomoa ya zamani, weka hii, washa. Kila kitu utakikuta palepale ulipokiacha." Akaniuliza kama ninayo ile dawa nzito ya kupaka kati ya prosesa na feni ili joto litoke, maana yake ilikuwa imemwishia. Nikamjibu ninayo. (Sikuwa nayo. Lakini kujifanya najua ni ugonjwa wangu wa siku nyingi.)

Ijumaa asubuhi kompyuta iko wazi, prosesa mpya imekaa, dawa hakuna, na kutoka Boko mpaka Kariakoo na kurudi, swala ya Ijumaa ikiwa katikati, wapi na wapi! Nikaingia jikoni kutafuta akili, nikakuta kibakuli cha liwa, ule mti wa manukato wa kujipaka, Mama kaisaga mwenyewe kwenye jiwe na kuichanganya na marashi ya waridi, laini kama siagi. Sasa nyie niambieni, sie tangu utotoni tukitoka vipele vya joto tunapakwa nini? Liwa. Kwa nini? Inapoza. Basi nikachota kwa ncha ya kijiko, nikapaka, nikakaza feni, bismillahi, nikawasha.

Ikawaka! Kila kitu mahali pake, picha za Baba zote zipo, na nilipompigia Ami kujaribu nilimwona mpaka mvi za nyusi. Nikazunguka nyumba nzima najisifu. Rukia akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, hujafuta chochote?" Nikamwambia hata chembe, nikaenda zangu msikitini, nikamwacha kakaa mbele ya kompyuta "anahakikisha".

Alasiri wageni wakafika. Msemaji wao alikuwa Mzee Shomari, baba mkubwa wa kijana anayeposa, na wanawake waliokuja naye wakaingia ndani kwa Mama. Ami akatokea kwenye skrini na kilemba chake, akamshukuru Mungu, akawashukuru wageni, kisha akaanza kukaza. "Binti yetu bado anasoma. Nyumba hii haina haraka, wala haijafikiria mambo ya harusi..."

Kumbe liwa mbichi inapoza kweli, ila ikikauka inapikika. Feni ikaanza kuvuma, na kila ilivyovuma ikasambaza liwa na waridi sebule nzima, harufu ambayo ikijaa nyumba namna ile, kwetu ina maana moja tu: ndani kuna bibi harusi anasuguliwa manukato na kupambwa. Mzee Shomari akanusa, akamtazama mwenzake, akanusa tena.

"Mashallah," akasema taratibu. "Bwana wa Maskati hana haraka, lakini naona mwali ameshaanza kusingwa."

Harufu ikafika ndani, na shangazi yao mmoja, akidhani jibu limeshatoka, akapiga kigelegele, wenzake wakaitikia. Papo hapo kompyuta ikazima kwa joto. Ami akatoweka.

Hapo ningeketi tu, lakini mie nikaiwasha tena. Na yule fundi hakusema uongo, kila kitu kilikuwa palepale kilipoachwa: kurasa za mtandao alizokuwa akizitazama Rukia mchana zikajirudisha zenyewe, gauni jeupe, gauni jeupe lingine, keki ya ghorofa, na juu kabisa maneno aliyoyatafuta, "ukumbi mzuri wa harusi Mbweni".

Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzimia. Niliogopa, siwafichi. Si kwa ajili yangu, kwa ajili ya Rukia, maana maneno yakibebwa kwamba binti ndiye aliyekuwa na haraka, atayasikia ukweni maisha yake yote.

"Usiizime, kijana," akasema Mzee Shomari, machozi ya kicheko yakimtoka. "Wetu naye anashinda kwenye simu anatafuta hayohayo."

Simu ya Mama ikaita huko ndani, nikaletewa, Ami huyo, kakasirika. "Nimekatikia wapi?"

Mzee Shomari akaiomba simu. "Kwenye kutokuwa na haraka, shekhe. Endelea, tunakusikiliza." Na wakamsikiliza hotuba yote mpaka mwisho, kwa adabu, huku ndani vigelegele havijakoma.

Jibu lilipelekwa baadaye, kwa taratibu zake, na mpaka leo Ami anajigamba kwamba watu wa Mbweni aliwatoa jasho. Mie nimeapa: kisichokuwapo nitasema hakipo, na cha jikoni kibaki jikoni.

Siku Rukia aliposingwa kwa ajili ya harusi, mama mmoja alitoka chumbani na kibakuli kidogo, akanikabidhi mbele za watu. "Bibi harusi kasema hii ya kompyuta, yake umwachie." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya simtanki la maji kufuta macho, maana harufu ilikuwa ileile, ila safari hii mdogo wangu alikuwa anaondoka kweli.