Mhispania wa Darasa la Tano

Mwalimu wa binti yangu aliwapa watoto wa darasa la tano kazi moja: kila mmoja ajifanye mtu wa zamani, avae mavazi yake, asimulie maisha yake, kisha wazazi wamuulize maswali. Mmoja alipewa daktari. Mwingine akapewa rubani mwanamke. Wangu akapewa konkistadori, yaani askari wa Kihispania aliyevuka bahari kwenda kuteka nchi za wenyeji wa Amerika. Nilikasirika. Katika binadamu wote waliopata kuishi duniani, mtoto wangu ndiye wakamchagulia huyo?

Lakini hasira yangu ilikuwa ya juu juu. Chini yake kulikuwa na hofu, na hofu ile nilikuwa nayo tangu utotoni.

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu kwenye milima ya Kivu Kusini, watu wenye bunduki walifika nyumbani asubuhi. Kwetu mgeni hupewa maziwa kwanza, ndipo aulizwe ametoka wapi. Niliwapelekea kibuyu kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa. Walikunywa, wakaniuliza ng'ombe wako wapi na baba yuko wapi. Mtoto wa kwetu akiulizwa na mkubwa hujibu, basi nikawaonyesha njia ya bondeni. Baba hakurudi, wala ng'ombe hata mmoja. Binti yangu alizaliwa Louisville, huku Marekani, na kukulia hapa Buffalo, na anachojua ni kwamba babu yake alikufa kwa homa. Nilikuwa nimeapa kwamba hatajua kamwe aliyewaonyesha wauaji njia.

Kwa wiki mbili Mhispania yule alikaa jikoni kwetu. Kofia yake tuliitengeneza kwa boksi nililotoka nalo ghalani kazini, tukaivika karatasi ya fedha ya kufunikia chakula. Binti yangu alinisomea maisha ya askari huyo kwa Kiingereza huku nikipika. Alikuwa mtoto wa tatu wa baba asiye na ardhi ya kutosha, na kaka mkubwa alirithi yote. Alipanda meli akiwa kijana. Aliugua, akaona wenzake wakizikwa njiani, akawa analala amevaa viatu na upanga ubavuni.

"Alikuwa mwoga, Mama," akasema. "Aliogopa kila siku."

Sikutaka kusikia kwamba aliogopa. Nani alimwita kule?

Kisha akafika pale nilipokuwa nikipaogopa. Wenyeji waliwapokea wageni wale kwa mahindi na batamzinga. Wageni wakala, wakashiba, wakauliza dhahabu iko wapi.

Nilimpigia mdogo wangu, anayetunza wazee huko Columbus. Yeye peke yake ndiye anayejua habari yangu.

"Bon, dada, ile ni masomo tu," akasema, akichanganya Kifaransa kama tulivyozoea kwetu. "Donc unataka mutoto akatae kazi ya mwalimu? Hajuwi kitu."

"Hajuwi leo. Kesho je?"

Akaniambia tuombe, tukaomba, nikakata simu nikiwa na hofu ile ile.

Siku moja nikimpima koti, binti yangu akasema, "Kuna msichana wa kule aliyewaonyesha njia ya kwenda mjini. Kitabu kina sentensi moja tu juu yake." Nilijichoma kidole kwa pini. Nikamwambia asimame wima.

Siku yenyewe ilipofika, wazazi tuliketi kwenye viti vidogo ukumbini. Alisimulia bila kutazama karatasi: meli, njaa, mahindi, msichana, njia, mji uliochomwa. Baba mmoja akamuuliza kama dhahabu ilikuwa nzito, watu wakacheka. Sijui mkono wangu uliinuka vipi. Niliuliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: yule msichana aliyekuonyesha njia, unamkumbuka?

Akainua kidevu kama Mhispania.

"Hapana. Sikumuuliza hata jina."

Watu wakapiga makofi, maana alikuwa ameigiza vizuri sana. Mimi nilibaki nimekaa mpaka viti vingine vyote vikakusanywa.

Kwenye basi la kurudi mtaani kwetu, West Side, akaniuliza kwa nini nilitaka kujua habari za msichana yule. Ningeweza kumdanganya. Nimemdanganya miaka yote, na uongo haukosekani. Lakini nilichoka kumwogopa mtoto wangu mwenyewe. Nikamweleza kila kitu, maziwa, swali, njia ya bondeni, kwa sauti ndogo ili abiria wengine wasisikie, ingawa hakuna aliyejua lugha yetu. Yeye alitazama dirishani. Nilingoja ahame kiti.

Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo siku hizi tunaivuta mdomoni mwake kwa nguvu:

"Babu alijuwa ni wewe?"

Hilo ndilo swali nililolikimbia kutoka milimani hadi Buffalo. Nikamwambia alijua. Nilipita njia ya mkato nikamfikia kabla yao, nikamwambia kwa furaha kwamba nimewaonyesha wageni njia. Akanishika kichwa, akasema nimefanya vizuri. Akaniambia nirudi nyumbani mbio kwa njia ile ile ya mkato, kisha akachukua fimbo yake, akaenda kuwalaki.