Nilivyompigia kelele kocha afanye sabu, akaniachia timu niifanye mwenyewe

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma nyuzi za watu wanaomshambulia kocha kwa sabu za jana, nikaona nitoe ushuhuda. Chumvi siongezi, hata bila chumvi kisa chenyewe kinanidhalilisha vya kutosha.

Ni enzi za Ujamaa, madukani hakuna kitu. Mimi kijana, karani wa ofisi moja Posta, naishi Kariakoo. Nina suruali ya bugaluu, nina afro, nina mdomo. Mdomo ndio ulikuwa mkubwa kuliko vyote.

Timu ya mtaa wetu ilifundishwa na Mzee Mshamu, fundi cherehani kutoka Lindi, mtu wa maneno machache na hasira za karibu.

Ugomvi wangu naye ulikuwa sabu. Winga wetu Abdala alikuwa anakata pumzi mapema, anabaki kushika kiuno. Benchi yupo Chinguile, jitu lenye mbio na mapafu. Mzee hamtoi Abdala!

Kila mechi nasimama upande wa pili wa uwanja, napayuka. Kijiweni walinisikiliza kama taarifa ya habari, nami nikajiona mtaalamu kwelikweli.

Ikaja nusu fainali ya kombe la mitaa, sisi na Buguruni, uwanja wa Magomeni. Kombe lile hatukuwahi hata kuligusa. Mapumziko tunaongoza moja bila, na mimi napayuka vilevile.

Mzee akavuka uwanja mzima mpaka nilipo.

"We karani, unajua mpira?"

"Kuliko wewe, mzee wangu." Adabu niliiacha nyumbani siku hiyo.

"Haya njoo. Kipindi cha pili timu yako."

Watu wakashangilia. Ningekataaje?

Mpira umeanza tu, Abdala huyo, kiuno. Nikamtoa, nikamwita Chinguile. Mzee akafungua mdomo aseme kitu, nikamnyooshea kiganja.

"Mzee, umeniachia timu, niache nifanye kazi."

Akakaa zake kwenye nyasi.

Sasa wakuu, timu ilikuwa na njumu za watu kumi na mmoja tu. Mjini hazipatikani hata uwe na hela. Anayeingia anavaa za anayetoka, na kombe lile pekupeku marufuku. Benchi zima lilijua. Mimi wa upande wa pili ningejulia wapi?

Abdala ana miguu ya kitoto. Chinguile ana mikate miwili ya boflo.

Kisigino hakiingii. Tukavuta, tukapaka mafuta ya nazi, wapi. Abdala naye akishatoka harudi. Tukiwa pungufu, Buguruni wakasawazisha, tena kupitia upande uleule wa Abdala.

Kwa kiherehere changu nikaomba wembe, nikazichana njumu kwa mbele. Chinguile akaingia vidole vinachungulia. Beki wa Buguruni akavikanyaga kwenye mpira wa kwanza tu. Jamaa alipiga ukunga, sote tukamgeukia yeye, na huku nyuma wakatufunga la pili.

Tukatolewa. Na pea moja ya njumu imekufa. Wachezaji walilia, na mimi niliumia sana. Nikarudi Kariakoo kwa miguu, kwa vichochoro.

Mzee Mshamu hakunitukana. Bora angenitukana.

Baadaye nikajipa moyo, nikaenda kutazama mechi ya kirafiki, nimejibana nyuma ya watu. Jamaa mmoja mgeni akaanza, "Kocha umelala? Mtoe winga huyo!"

Nikamwambia taratibu, "Ndugu, kocha ana sababu zake."

Akanitazama juu chini. "Wewe unajua nini kuhusu sabu?"

Kabla sijajibu, mama muuza mihogo akanijibia kwa sauti:

"Mwache baba, huyo anajua. Ndiye aliyetutoa kombeni."

Watu walicheka mpaka mwamuzi akageuka.

Nilichojifunza: kabla hujamsema kocha kwa kuchelewa kumtoa mtu, ulizia kwanza anayeingia atavaa nini.

Wataalamu wa sabu za jana, uwanja wenu sasa. Ila kila mmoja aanze kwa kusema aliwahi kukaa benchi gani.